Chupa Iliyorudi Tupu

Mwaka kipindupindu kilipoingia Mwanza, nilikuwa nafundisha tuisheni ndani ya chumba changu cha kulala, Mkolani. Serikali iliyokuwa imezoea kumpa kazi kila anayemaliza chuo kikuu iliacha desturi hiyo muda mfupi kabla sijamaliza mimi, kana kwamba ilikuwa inanisubiri. Tuliambiwa huu ni wakati wa soko huria, kila mtu ajitafutie. Wenzangu wenye akili walikwenda kuuza mitumba. Mimi nilinunua ubao, nikauegemeza ukutani juu ya kitanda, na vijana wa sekondari wakawa wanakalia godoro langu na kunakili sababu za kuanguka kwa himaya ambazo hata mimi sikuwa na uhakika kama zilikuwa zimeanguka.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana uani, na kuta zake hazikufika kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, anaambiwa pole kutoka chumba cha mwisho. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kisukuma aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kikauzwa, akarudishwa nyumbani na baiskeli. Mkewe, ambaye sote tulimwita Bibi, ndiye aliyetawala uani. Mzee alitawala vitu vikubwa: siasa, mvua na misiba.

Katika chumba kilichopakana na changu walikaa mume na mke waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Walipokimbia kwao nchi ilikuwa na jina moja, na kabla hawajapata chumba cha kupanga Mwanza ikawa na jina lingine. Watoto wao waliwaacha kwa nyanya yao na tangu hapo hawakupata habari zao. Kwa kuwa kibali chao kilikuwa cha kukaa kambi ya wakimbizi Kigoma na si kutembea mjini, walimwambia kila mtu kwamba wao ni Waha wa Kasulu. Hakuna aliyeamini. Muha gani anasema "batu" na "bintu"? Lakini Mzee aliamua kuamini, na alipoamua Mzee, sote tuliamini. "Waha wangu," alikuwa akiwaita, hasa mbele ya mgeni asiyemjua.

Mume alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Alisimama kutwa kwenye maji baridi ndani ya mabuti ya mpira, akichuna ngozi. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa vikabaki kwetu, na mifupa hiyo, tunayoiita mapanki, mkewe aliinunua na kuikaanga barabarani. Kwa hiyo nyumba yao nzima ililishwa na samaki mmoja: mume juu, mke chini. Niliwahi kumwambia mume hivyo, kwa ufasaha wa msomi. Akacheka kwa adabu. Alikuwa amechoka.

Ndipo mvua zikaja na hazikuondoka. Vyoo vilijaa, maji yakateremka kutoka kwenye mawe yakapita humo na kuingia visimani, watu wakaanza kuharisha na kufa. Manispaa ikapiga marufuku kuuza chakula barabarani. Wazungu nao wakakataa samaki wetu, kiwanda kikafunga milango kwa muda usiojulikana, na wa kwanza kuambiwa wasirudi walikuwa vibarua. Hivyo yule samaki mmoja akawakimbia wote wawili kwa pamoja.

Kitu kingine kilichoanza ni maneno. Bombani, akina mama waliokuwa wakimsalimu jirani yangu, yule mke, walianza kuvuta ndoo zao akisogea.

"Huu ugonjwa ulikuja na watu," alisema mmoja, bila kumtazama.

"Na watu wenyewe wanajijua," akamalizia mwingine.

Akawa anachota wa mwisho. Bibi aliposikia alikwenda bombani mwenyewe, kanga kiunoni, akawauliza kwa sauti kama kipindupindu kilipanda treni kutoka Kigoma na kilikata tiketi ya daraja gani. Walicheka, lakini ndoo waliendelea kuzivuta.

Mume aliugua alfajiri. Kufikia asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyefua kutwa. Gari la manispaa lilikuja, wakambeba kumpeleka kwenye mahema yaliyopigwa uwanjani, upande wa ziwa kupita Butimba. Mtu wa gari aliuliza jina na kabila. Mzee alijibu kabla mke hajafungua mdomo: Muha wa Kasulu, na jina akampa la ukoo wake mwenyewe. Alifanya hivyo kumlinda. Siku zile mgonjwa asiye na kibali angeweza kupona kwenye hema na kupelekwa mpakani kabla hajaoga. Lakini matokeo yake ni kwamba mkewe hakuweza kwenda kwenye meza ya pale kwenye mahema kumuulizia. Angemuulizia nani? Akitaja jina la kweli, hayupo. Akitaja lile la uongo, wangemuuliza na yeye ni nani, na Kiswahili chake kingemjibia.

Akabaki na mlinzi wa getini.

Utaratibu wa kambi ile ya wagonjwa ulikuwa kwamba ndugu haingii, na kinachoingia hakitoki. Kwa hiyo mlinzi alipokea chakula, akakihamishia kwenye chombo cha ndani, akamrudishia mwenyewe chombo chake palepale. Jirani yangu alipika uji mwepesi wa ulezi, akautia kwenye chupa ya chai, akatembea nao kutoka Mkolani mpaka kule. Alirudi na chupa tupu. Uani alikuwa akiitikisa masikioni mwake kabla ya kuiosha, kisha ananiletea na mimi niitikise.

"Mwalimu, sikia. Iko mutupu. Amekunywa yote."

Nikawa naitikisa, nasema kweli, ni tupu.

Siku ambayo watu wa afya walikuja na bomba la mgongoni kupulizia dawa chumba chao, yeye alikuwa njiani na uji. Waliuliza mkuu wa kaya, wakaelekezwa kwa Mzee. Mmoja wao alivua kofia. Mgonjwa alifariki usiku, akasema, na wameshamzika wenyewe, kwa sababu maiti wa ugonjwa huu haoshwi na ndugu wala haletwi nyumbani. Hakuna matanga, hakuna kupika, hakuna kukusanyika. Akavaa kofia, wakapuliza dawa kitanda, kuta na mabuti ya mpira yaliyokuwa nyuma ya mlango, wakapuliza na banda la kuku, wakaenda nyumba nyingine.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa kwetu analijua, lakini nalieleza kwa sababu ndilo lililotuponza. Msiba hausemwi na mtu yeyote tu. Mwenye kufiwa haambiwi njiani, haambiwi na mpita njia wala na mtoto. Anatafutwa mtu wake: kaka, shangazi, baba mdogo, mtu wa damu mwenye umri. Anakalishwa, wanawake wanakaa ubavuni kulia na kushoto wakijua wanachosubiri, ndipo yule ndugu anaitoa ile habari, na anapoanguka anadakwa. Ndivyo nilivyoambiwa kifo cha baba yangu, na ndivyo nitakavyotaka mke wangu aambiwe changu. Si desturi mbaya. Ni desturi nzuri sana kwa mtu mwenye ndugu.

Mzee alituita nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku.

"Huyu mtoto wa watu hana mtu hapa," alisema. "Sisi ni wapangaji wenzake. Habari hii si yetu. Itafutwe damu yake."

"Na akirudi sasa hivi akiuliza dawa ni ya nini?" Bibi akauliza.

"Dawa ni ya nyumba zote. Kwani uongo? Wamepuliza hata kwa kuku."

Tukakubaliana. Ilijulikana kwamba mume alikuwa na mdogo wake kambini Kigoma. Mzee alimtuma dereva wa lori aliyemfahamu apeleke salamu. Lakini mvua zilikuwa zimekata reli na barabara imekuwa mto, na lori lenyewe lilikwama mahali fulani kabla ya Kahama. Tulidhani ni suala la siku chache, na hata mtu mwenye shahada anaweza kunyamaza siku chache.

Jioni ile alirudi na chupa. Ilikuwa tupu.

Sikuelewa. Nilidhani mlinzi hajapewa habari na kesho atapewa. Kesho yake ilirudi tupu, na keshokutwa pia. Sote tulijua mumewe amezikwa, na sote tulisimama uani tukitazama chupa ikitikiswa. Bibi aliingia ndani akalia kwa kujiziba mdomo na kanga, akatoka akasema moshi umemwingia machoni.

Mambo yalianza kumharibikia kidogokidogo, na kwa kuwa kuta hazikufika juu, niliyasikia kabla ya wengine. Aliacha kulala. Nilimsikia akisugua sakafu kwa majivu, anapumzika, anasugua tena mahali palepale. Vidole vyake vikaanza kuchubuka kwa dawa ya kuua vijidudu aliyoomba kwa kila mtu. Asubuhi aliyatoa mabuti ya mumewe nje, akayaanika juani, akayageuza kadiri jua lilivyogeuka, kama mtu anayeanika dagaa. Aliacha kula. Unga wote ulikwenda kwenye uji wa chupa.

"Na wewe, mwanangu, unakula nini?" Bibi alimuuliza.

"Mimi niko muzima, Bibi. Mugonjwa ndiye anakula."

Baadaye akaanza kunigongea ukuta. "Mwalimu, uliza polepole huyo nani anakohoa." Hakukuwa na mtu aliyekohoa. Nilimwambia labda ni mimi. Akasema hapana, kikohozi changu anakijua, ni cha chaki.

Mzee alinifuata chumbani akakaa kwenye godoro la wanafunzi.

"Mwalimu, wewe ulisoma mambo ya akili huko chuoni."

Nilikuwa nimesoma somo moja la saikolojia, muhula mmoja, asubuhi, nikiwa nyuma kabisa karibu na dirisha. Lakini mtu anapokuita mtaalamu huku amekaa kwenye godoro lako, ni vigumu kukataa. Nilimweleza kwamba binadamu akipata mshtuko usiotamkwa, nafsi hujenga ukuta wa kujihami, na kwamba wahamiaji wanyonge, waliokwisha kupoteza nchi, watoto na lugha...

"Sasa tufanye nini?"

Nikasema yataka uchunguzi zaidi.

Bibi alikuwa anasikiliza mlangoni. "Ukuta wa kujihami!" alisema. "Nenda kauze huko chuo cha ualimu Butimba, watanunua. Hapa mtu anakufa njaa."

"Basi mwambie wewe," Mzee akamjibu.

Bibi akakaza kanga kiunoni. Halafu akasema kile ambacho sote tulikuwa tumeanza kukifikiri. "Zamani angeambiwa, angelia, yangekwisha. Sasa hivi kichwa chenyewe kimelegea. Ukimwambia leo unamvunja kabisa. Tusubiri apate nafuu kidogo."

Niliona maneno hayo yana busara. Ilinichukua muda kuona tulichokifanya: kunyamaza kwetu kulimuumiza, na kule kuumia kwake sasa ndiko kulikuwa sababu yetu ya kuendelea kunyamaza. Angeweza kukaa humo mpaka mwisho wa maisha yake, sisi tukingoja apate nafuu ya ugonjwa tuliokuwa tunampa.

Mvua zilipungua. Wagonjwa wakapungua. Mama lishe wakaanza kurudi barabarani, mmoja mmoja, wakitazama kulia na kushoto. Ndipo siku moja asubuhi akafika mtu kutoka Kigoma, miguu imevimba kwa safari, koti la mitumba limemfika magotini.

Hakuwa mdogo wa marehemu. Mdogo wake alikuwa amehama kambi na hakujulikana alipo. Huyu alikuwa mtu wa kijiji kimoja na wao, aliyepata salamu na kuona ni vibaya zikose mtu wa kuzipokea. Mzee alimchukua nyuma ya banda la kuku.

"Umesema ni kijiji kimoja?"

"Kijiji kimoja, Muzee. Hata nyumba siyo mbali."

"Basi wewe ni ndugu," Mzee akaamua, kama alivyowahi kuamua Uha wao.

Wakamkalisha jirani yangu kwenye mkeka. Bibi alikaa kushoto, mpangaji mwingine wa kike kulia, mikono tayari. Mimi nilisimama karibu na tangi la maji nikiwa na kikombe, maana nilikuwa nimepewa kazi ya kikombe. Mtu wa Kigoma alikohoa, akavua kofia, akasema kwa lugha yao kwanza, kisha kwa Kiswahili ili na sisi tuwe mashahidi:

"Dada, bwana yako alikufa. Batu ba serikali bamemuzika."

Bibi alimkumbatia. Lakini mwili uliokumbatiwa haukuanguka. Ulikaa wima tu, kama mtu anayesubiri wengine wamalize kusali.

"Wewe ulimuona?" alimuuliza.

"Hapana, dada."

"Muzee, ulimuona?"

Mzee alitazama chini. "Sikumuona, mwanangu. Tuliambiwa."

"Nani alimuona?"

Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na chupa. Aliishika mbele yetu kwa mikono miwili ile iliyochubuka.

"Na uji?" alisema. "Uji, nani iko nakunywa?"

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kiasi kwa mtu wa umri wangu, na katika vyote hivyo hamkuwa na jibu la swali hilo. Tulimwambia amefariki zamani, ni mapenzi ya Mungu, awe na moyo mkuu. Kila tulichosema alikisikiliza kwa heshima, halafu akarudia palepale. Maiti hanywi uji. Chupa inarudi tupu. Kwa hiyo yupi hapa ndiye aliyechanganyikiwa? Ukifuata hoja yake, tulikuwa sisi.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "wewe unajua kusema na batu ba ofisi. Kesho twende. Wewe uulize."

Yaliyotokea baadaye sana nayaweka hapa, kwa sababu sitaki kumalizia nayo. Alilazwa wodi ya wagonjwa wa akili, wiki kadhaa. Kwenye foleni waliuliza kabila, na Bibi, aliyempeleka, alisema ni binti yake, akamtazama karani mpaka karani akaandika. Alirudi akiwa mnene kidogo na mzito wa ulimi kwa vidonge. Tulimfanyia matanga, yakiwa yamechelewa kiasi kwamba watu wa mtaa wa pili walifikiri kuna msiba mpya. Alilala zaidi kuliko zamani. Hakusugua tena. Lakini hakurudi kuwa yule aliyekuwa akicheka barabarani na kumtania mteja kwamba mapanki ni samaki aliyevua koti. Reli ilipotengenezwa aliondoka na yule mtu wa Kigoma kwenda kutafuta watoto, na sisi hatukupata habari yake tena. Watu hupenda kuniuliza kama alipona. Nilizoea kujibu "kiasi", kwa sauti ya mtu aliyesoma saikolojia.

Kesho yake baada ya ile siku ya mkeka, tulikwenda. Alikuwa amepika uji kama kawaida, akavaa kitenge kizuri, akatangulia. Njiani hakusema mengi. Tulipita mahali alipokuwa akikaangia zamani, akaniambia watu wameshachukua mafiga yake. Nilisema tutatafuta mengine.

Uwanja ulikuwa mtupu. Mahema yalikuwa yamekunjwa na kuondolewa jana yake, siku moja ambayo yeye hakuja, na mahali yalipokuwa nyasi zilikuwa zimegeuka njano, miraba mikubwa imepangwa kwa mstari mpaka karibu na maji. Harufu ya dawa ilikuwa bado iko. Mlinzi alikuwepo, peke yake, kwenye kigoda kando ya nguzo za geti ambalo sasa halikuzuia chochote. Alikuwa mtu mzima, amekonda, sare yake si ya jeshi lolote ninalolijua. Alibakizwa kulinda vitanda vilivyokuwa vikisubiri gari.

Alipotuona alisimama. Nilidhani anataka kukimbia.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba." Alikuwa hanitazami mimi. "Mama, umekuja."

"Nimekuya," jirani yangu akasema. "Bamewapeleka wapi?"

Mlinzi alinitazama sasa, kwa macho ya kuomba msaada. Sikuwa nao. Nilikuwa nimetayarisha njiani maneno ya kumuuliza, ya upole na yenye mpangilio, na yote yalinitoka.

"Mzee wangu," nilisema, "uji wake alikuwa anakunywa nani?"

Alivua kofia. Aliishika tumboni akaikunja.

"Mwanzo nilikuwa nampelekea," alisema. "Haki ya Mungu. Naumimina kwenye kombe la ndani, nesi anampelekea. Halafu siku ile nikaambiwa yule wa hema la pili hayupo. Na mama huyu hapa kaja na uji, na mvua inanyesha. Nimwambie mimi? Mimi si ndugu yake. Nikasema kesho atakuja na watu wake, watakuwa wameshamwambia nyumbani. Kesho akaja peke yake."

"Na uji?"

"Tulikuwa hatujalipwa." Alimgeukia jirani yangu. "Ni mimi, mama. Nilikunywa mimi."

Jirani yangu alimsogelea. Sijui nilitarajia nini. Labda ampige, na nilikuwa tayari kutomzuia.

"Ulimaliza yote?"

"Nilimaliza yote."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Jirani yangu aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayeona hesabu iliyomshinda sasa imekaa sawa. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepanga mambo ya nyumbani:

"Basi kesho nilete ao nisilete?"

Mlinzi aliikunjua kofia yake, akaikunja tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Usilete, mama," alisema. "Usilete tena."

Hapo ndipo jirani yangu alipoanguka. Hakukuwa na Bibi wa kumdaka wala yule mpangaji wa upande wa kulia. Tulikuwapo wanaume wawili, mwalimu wa tuisheni na mlinzi aliyekunywa uji wa maiti, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa damu yake. Tulimshika tu. Alilia sauti moja ndefu, na wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu ufukweni waliacha kazi, wakasimama, wakavua kofia zao. Wao walijua papo hapo ni kilio cha nini. Ni sisi tuliokuwa tumekizuia.

Alipoweza kusimama alimuuliza mlinzi kaburi liko wapi.

Lilikuwa nyuma ya uwanja, kupanda kidogo kuelekea kwenye mawe. Hapakuwa na msalaba wala kibao. Kulikuwa na tuta refu la udongo mwekundu, mvua imelitoboatoboa, na chokaa nyeupe imejitokeza kwenye matobo.

"Huu ndio mstari wa wiki ile," mlinzi alisema.

"Yeye iko fasi gani?"

"Mstari naujua, mama. Mahali sijui. Walizika usiku."

Alisimama akilitazama lile tuta kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akafungua chupa, ambayo wala hatukukumbuka kwamba ilikuwa imejaa. Alianzia kichwani mwa mstari, akainama, akamimina kidogo. Akapiga hatua, akamimina kidogo tena, akijitahidi kugawa, akimbania kila mmoja ili wote wapate na yeye wake asikose. Uji ulikuwa bado wa moto na ulitoa mvuke juu ya chokaa. Mlinzi na mimi tulimfuata nyuma, kofia yake mkononi, mikono yangu haina cha kushika.

Uji uliisha kabla mstari haujaisha. Aliigeuza chupa, akaipiga kitako, akasubiri tone la mwisho, kisha akasimama pale akitazama sehemu iliyobaki.

"Kama iko huku mbele," aliniuliza, "Mwalimu, itakuwa namna gani?"

Nilisema tutarudi na uji mwingine. Tulirudi, kesho yake, Bibi na Mzee pia, na sufuria zima.